Kabla hujatuma oda ya njia ya mwingiliano, mpigie mhandisi wa upande wa pili

Kila mara napigiwa simu na kijana aliyepewa kazi ya kuunganisha kampuni yake changa ya huduma za sauti na mitandao mikubwa hapa Dar es Salaam. Swali huwa lile lile: "Kaka, mkataba umeshasainiwa, mbona bado hatupigiani?" Kazi hii ya mwingiliano, yaani kuunganisha mitandao ya kampuni mbili ili wateja wao wapigiane, nimeifanya miaka mingi, kwanza kwenye E1 (njia ya kidijitali inayobeba simu kama 30 kwa pamoja) na sasa zaidi kwenye SIP (simu zinazopita kwenye mtandao wa data), na jibu langu halijabadilika. Mkataba ni wa mabosi. Kinachopitisha simu ni karatasi ya ufundi yenye namba za pande zote mbili, na karatasi hiyo inatakiwa ijazwe na wahandisi wawili wanaozungumza. Kila mmoja akijaza ya kwake ofisini na kuituma kwa barua pepe, jueni mmejitafutia usiku wa kukesha.

Upande wa sheria nitapita haraka, kwa sababu huko mambo mengi yameshanyooka. Chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, mwenye leseni akiombwa mwingiliano na mwenzake anapaswa kukaa naye mezani, na mkataba wanaoufikia unawasilishwa TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini. Wakishindwana, TCRA inaweza kuingia kati. Bei ya kumalizia dakika moja kwenye mtandao wa mwenzako nayo si ya kuvutana. TCRA iliishusha hatua kwa hatua: shilingi 15.60 mwaka 2018, 10.40 mwaka 2019, 5.20 mwaka 2020, 2.60 mwaka 2021, hadi shilingi 2 mwaka 2022. Kwa hiyo nguvu za mazungumzo usizimalizie kwenye bei ya dakika. Zipeleke kwenye mambo yatakayokuumiza baadaye: nani analipia kebo, nani anatoa nafasi kwenye fremu na umeme wa mitambo, dhamana ya benki ni kiasi gani, na muda wa kukabidhiwa njia unahesabiwa kuanzia lini.

Hilo la muda wengi hawalioni. Mkataba unaweza kusema njia itakabidhiwa ndani ya siku kadhaa baada ya oda kupokelewa. Sasa oda imepokelewa lini? Ulipoibonyeza itoke kwenye barua pepe, au walipokubali kuwa imekamilika? Nimeshuhudia oda ikirudishwa kwa sababu ya kisanduku kimoja kilichoachwa wazi, ikarekebishwa, ikarudishwa tena kwa kisanduku kingine, na kila ikirudi siku zinaanza kuhesabiwa upya. Hakuna aliyevunja mkataba, lakini robo mwaka imekwisha. Dai iandikwe hivi: anayepokea oda aikague yote kwa mara moja, ataje kasoro zote kwa pamoja, na akikaa kimya hadi siku mliyokubaliana, oda ihesabiwe imekubaliwa.

Turudi kwenye karatasi ya ufundi, maana ndiyo iliyonifanya niandike.

Kwa njia za E1 zinazotumia ishara za SS7 (ujumbe ambao mitambo hutumiana ili kuanzisha na kukata simu), mnatakiwa mpatane namba ya utambulisho wa kila mtambo, alama ya aina ya mtandao, nani anatoa saa ya kulinganisha mitambo, CRC-4 (ukaguzi wa makosa kwenye njia) imewashwa au imezimwa, na namba za saketi, yaani nafasi za kubebea simu moja moja. Hizo namba za saketi ndizo zenye mtego. Kuna wakati niliitwa kusaidia njia mpya kati ya kampuni mbili ambayo wateja waliilalamikia vibaya: simu inaita, inapokelewa, halafu kimya. Wengine walikuwa wanaongea vizuri bila tatizo. Mitambo ya pande zote ilionyesha kijani tupu, hakuna kengele hata moja. Kila kampuni ilikuwa na karatasi yake mkononi na kila karatasi ukiisoma peke yake ilikuwa sahihi.

Usiku, trafiki ilipopungua, tulifunga saketi zote tukaacha moja moja wazi. Mimi nilikuwa chumba cha mitambo cha upande mmoja, mwenzangu upande wa pili wa mji, tukiwasiliana kwa simu ya mkononi. "Fungua ya kwanza, kaka." Napiga, nasikia sauti yake. "Ya pili." Nasikia. Tukaenda hivyo hadi ya 15, zote safi. Kuanzia ya 17, kimya. Nikamwomba anisomee, saketi kwa saketi, jinsi mtambo wake ulivyozipanga kwenye vipande vya E1. Hapo ndipo jambo lilipojitokeza. E1 ina vipande 32: cha 0 ni cha ulinganisho na cha 16 kwa kawaida kinaachiwa ishara. Upande mmoja walihesabu saketi kwa kuruka cha 16, ikawa 1 hadi 15, kisha 17 hadi 31. Upande wa pili walihesabu mfululizo 1 hadi 30. Kwa hiyo kuanzia katikati kila kitu kilikuwa kimesogea kwa kipande kimoja: ishara zinasema sauti ipo kwenye kipande cha 17, kumbe mwenzake ameiweka cha 18. Nusu ya wateja wanaongea, nusu wanapiga kelele za "haloo, haloo" kwenye ukimya, na salio linakatwa.

Simu ya dakika kumi kabla ya oda ingelimaliza jambo hilo. Ndiyo maana nasema mpigie.

Mkipigiana, malizeni pia suala la saketi za njia mbili, yaani zile ambazo kila upande unaweza kuzianzishia simu. Mitambo yote miwili ikiikamata saketi moja kwa wakati mmoja, lazima mmoja aachie. Utaratibu wa SS7 uko wazi: mtambo wenye namba kubwa ya utambulisho ndio wenye amri juu ya saketi za namba shufwa, na mwenzake anatawala za witiri. Hakikisheni mitambo yote miwili imewekwa hivyo kweli. Msiishie kuamini kwamba ndivyo ilivyo.

Kwenye SIP majina ya matatizo yanabadilika lakini chanzo ni kile kile. Ishara zinapita, sauti inasikika upande mmoja tu, kwa sababu fayawoli (ukuta wa ulinzi wa mtandao) imefunguliwa kwa ishara na milango ya sauti ikasahaulika, au mtambo unatangaza anwani ya ndani ambayo mwenzako hawezi kuifikia. Kisha kuna muundo wa namba. Mmoja anatuma 0 mbele, mwingine 255, mwingine +255, na simu zinapita zote. Tatizo analiona mteja aliyebipiwa: akitaka kuirudia ile namba, haipigiki. Jambo jingine ni vitufe. Mteja anapiga benki, anaambiwa abonyeze 1 kwa Kiswahili, anabonyeza hadi kidole kinauma, na mashine haisikii chochote, kwa sababu upande mmoja unatuma vitufe ndani ya sauti na mwingine unavisubiri kama pakiti za pekee. Andikeni kwenye karatasi kodeki (namna ya kugeuza sauti kuwa data), muundo wa namba kwa pande zote, na namna ya kutuma vitufe.

Sasa kebo yenyewe. Ukiomba njia mbili ili moja ikikatika nyingine ibaki, usiridhike na mchoro wenye mistari miwili ya rangi tofauti. Omba ramani ya chemba (mashimo ya chini ya ardhi yanayopitisha kebo), vaa viatu vya kutembelea, na uifuate. Mjini hapa barabara zinachimbwa kila mwaka: mwendokasi, mabomba, mitaro ya mvua. Kutoka Posta kwenda upande wa Mwenge mchoro unaweza kukuonyesha njia moja inayopita Barabara ya Ali Hassan Mwinyi na nyingine Barabara ya Morogoro, na kweli kwa kilomita nyingi ziko mbalimbali. Lakini fuata mita mia mbili za mwisho kabla ya jengo. Mara nyingi kebo zote mbili zinaingia chemba moja, zinapanda bomba moja hadi chumba cha mitambo, na wakati mwingine zinaishia kwenye fremu moja yenye umeme wa chanzo kimoja. Koleo la kijiko likipita hapo, njia zako mbili zinakufa kwa pamoja. Jambo hili linakera, kwa sababu mteja ameshalipia njia mbili kila mwezi na kwa ukweli amepewa moja. Andika kwenye oda kwamba njia hizo zisikutane popote, hadi mlango wa kuingilia jengo, na usisaini kupokea kabla hujaona mwenyewe.

Kuhusu ukubwa wa njia, hesabu bado ni ile ya Agner Krarup Erlang wa kampuni ya simu ya Copenhagen, aliyoichapisha mwaka 1917. Ukikubali simu moja kati ya 100 ikose njia kwenye saa ya msongamano, saketi 30 zinabeba erlang 20 hivi (erlang moja ni saketi moja ikitumika saa nzima), yaani kama simu 400 za dakika tatu tatu ndani ya saa moja. Saketi 60 zinabeba karibu erlang 47, zaidi ya mara mbili ya zile 30. Maana yake kwa mfuko wako ni hii: usizigawe saketi 60 kuwa 30 za kutoka na 30 za kuingia bila sababu nzito. Ziache kundi moja la njia mbili, utapata kazi kubwa zaidi kwa kebo ile ile. Kwa SIP yenye kodeki ya G.711, tenga karibu megabiti 9 kwa sekunde kila upande kwa kila simu 100 za wakati mmoja, kisha ongeza nafasi ya kupumulia.

Na usisubiri njia ijae ndipo uombe nyongeza. Bei ya mwingiliano iliposhuka, vifurushi vya mitandao yote vilipata nafasi, na mtu aliyekuwa akibadilisha laini ili ampigie dada yake wa mtandao mwingine sasa anapiga moja kwa moja. Trafiki hiyo yote inapita kwenye njia yako. Angalia saa ya msongamano ya mwezi mzima pamoja na mkesha wa Mwaka Mpya na sikukuu za Idi, na utume oda ya nyongeza mapema kuliko muda ambao mwenzako huchukua kukabidhi.

Majaribio yafanywe kwa orodha mliyoiandaa pamoja, pande zote mbili zikipiga. Jaribuni simu fupi, simu ya zaidi ya saa moja, simu isiyopokelewa, namba isiyopo, namba za mezani za 022, na namba za bure za 0800 ambazo husahaulika kila mara. Namba za dharura, 112 na 114, zipigwe kwa kupatana kwanza na wanaozipokea. Usiiache namba iliyohama: tangu Machi 2017 mteja anaweza kuhama mtandao na namba yake, kwa hiyo tarakimu za mwanzo hazikuambii tena simu iende wapi. Tafuteni laini iliyohama kwenda kwako na iliyohama kutoka kwako, mpige zote.

La mwisho linawahusu watu wa fedha, nao waitwe mapema. Mitambo ya mmoja ikiandika rekodi kwa saa za Afrika Mashariki na ya mwenzake kwa saa za kimataifa, kuna tofauti ya saa 3. Kila mwisho wa mwezi simu za saa hizo 3 zinahesabiwa mwezi huu kwa mmoja na mwezi mwingine kwa mwenzake, ankara hazilingani, na barua zinaanza kuandikwa. Kubalianeni saa moja, na namna moja ya kuhesabu sekunde. Wakati wa majaribio, andika kwa mkono muda wa kila simu, namba iliyopiga, iliyopigiwa, na sekunde ilizochukua, kisha uitafute kwenye rekodi za mtambo wako. Mwenzako naye afanye hivyo, na rekodi za pande zote zifunguliwe kwenye kompyuta moja kabla trafiki ya wateja haijaruhusiwa.