Waridi la jangwani limebonyea kitako: lina kiu au linaoza?

SWALI: Nina waridi la jangwani kwenye chungu, hapa Kinondoni, Dar es Salaam. Tangu masika yaanze majani yanageuka manjano na kupukutika, na kitako, yaani shina nene la chini, kinabonyea upande mmoja. Nimeongeza mbolea, hakuna nafuu. Nifanyeje?

JIBU: Mbolea iache kwanza. Kitako kikisinyaa pande zote na udongo ni mkavu, hiyo ni kiu tu. Kikibonyea upande mmoja huku udongo una unyevu, kimeoza, na uozo unazidi kupanda.

Ling'oe leo, kung'uta udongo wote. Kata sehemu laini kwa kisu kikali, kidogo kidogo, ukikifuta kwa spiriti kila mkato, hadi ufike kwenye nyama nyeupe tupu. Kidoa cha kahawia kikibaki, hata kama punje ya mtama, uozo utarudi. Vaa glavu: utomvu wake ni sumu ya moyo, ndiyo ile iliyopakwa kwenye mishale ya kuwindia. Mabaki yafukie, mbuzi wasiyafikie.

Paka kidonda unga wa salfa, ule unaopuliziwa mikorosho. Ning'iniza mmea kivulini penye upepo siku 7 hadi 14, mpaka kidonda kikauke kigumu.

Sasa udongo, maana kosa lilianzia hapo. Waridi hili ni la nyika kavu, kama za Same na Tsavo, huota hata kwenye miamba ambako mvua haikai. Changanya mchanga mnene wa mtoni sehemu 2, kokoto ndogo sehemu 1 na mboji iliyoiva sehemu 1. Mchanga wa ufukweni una chumvi, usiuguse. Chungu kiwe cha udongo, chenye tundu, kipana kuliko kitako kwa vidole vitatu tu. Kikubwa mno hukawia kukauka. Sahani ya chini itupe kabisa.

Ukishapanda, usimwagilie wiki nzima. Baadaye chomeka kijiti sentimita 5. Kikitoka kikavu, mwagilia. Lipate jua saa 6 kwa siku, na mvua za masika zikinyesha lisogeze barazani. Mbolea isubiri majani mapya.

Kama uozo umezunguka kitako chote, okoa matawi ya sentimita 20, yakaushe vivyo hivyo, yapande. Yatashika, ila kitako chake mara nyingi hakinenepi kama cha mche wa mbegu.