Kabla ya kukariri aseniki, uliza jina lilikotoka

Juma lililopita msomaji mmoja wa kidato cha tano aliniandikia kwamba kila akifika kwenye kampaundi za aseniki huchanganya aseniti na asenati, akaomba mbinu ya kuzikariri. Ombi lake limenirudisha chuoni, siku mhadhiri aliponisimamisha mbele ya darasa akaniuliza maana ya neno aseniki. Nilijibu kuwa ni sumu. Akasema nimemeza maneno kama kasuku, darasa zima likaangua kicheko, na ingawa leo mimi mwenyewe ni mwalimu wa kemia, kicheko kile hakijanitoka masikioni.

Jibu nilikuja kulipata likizoni, nikiwa nimeketi kando ya mama yangu aliyekuwa akidarizi joho la harusi, uzi wa zari umemzunguka kidole cha shahada na kumetameta kila alipovuta sindano. Nilikuwa nimesoma asubuhi ile kwamba Waajemi waliliita zarnikh jiwe la manjano lenye aseniki na salfa, kutokana na zar, yaani dhahabu, kwa sababu ya rangi yake. Kumbe zari ya mama na aseniki ya mhadhiri ni ndugu! Wagiriki walilipokea neno hilo wakaliita arsenikon, wakalifananisha na neno lao lenye maana ya kiume, na Kilatini kikapata arsenicum. Jina lilikuwa la kampaundi kwanza. Elementi namba 33, yaani aseniki yenyewe, ililirithi baadaye.

Viishio vya majina, yaani -ati, -iti na -idi, navyo vina asili yake. Mwaka 1787 mwanakemia Lavoisier na wenzake huko Ufaransa walipanga majina ya kemia upya, na ndiyo sababu kampaundi yenye oksijeni nyingi zaidi, atomi 4 kwa kila atomi ya aseniki, huitwa asenati, na yenye 3 huitwa aseniti; asenidi haina hata moja. Kijana wangu, usikariri kabla ya kuuliza. Uliza jina limetoka wapi, uliza kiishio kinahesabu nini, kisha uliza tena, kwa maana neno usilolijua asili litakutoroka ndani ya chumba cha mtihani.

Katika mtihani wa mwisho wa somo lile niliandika ukurasa mzima juu ya zarnikh, ilhali swali lilidai mistari miwili. Mhadhiri yule yule alinirudishia karatasi bila kusema lolote, ila neno zari alikuwa amelipigia mstari mara mbili.