Tangi la choo halijai: weka hiyo spana chini kwanza

Usiguse hiyo nati! Umesema maji yanaingia tangini kwa kusuasua, yanaishia nusu, na fundi kakwambia ununue koki mpya ya boya (ile ya ndani ya tangi inayofunga maji boya likipanda) uikaze "kisawasawa". Hilo neno ndilo lililonivunjia tangi.

Fundi wangu hata kifuniko hakufunua. Alisimama mlangoni, akasikiliza maji, akasema koki imekufa. Nikanunua mpya, nikaifunga mwenyewe. Nati ya plastiki chini ya tangi ikawa inadondosha tone moja moja. Nikampigia, akasema ongeza spana. Nikaongeza robo mzunguko, tone bado lipo. Nikaongeza tena, nikasikia "tii", kama kijiko kimegonga kikombe. Sikuona kitu, nikalala. Alfajiri nakanyaga maji mpaka chumbani. Ufa mwembamba kama unywele ulikuwa umeanzia kwenye tundu la nati ukapanda ubavuni mwa tangi. Tangi la kufanana nalo sikulipata, nikabadilisha choo kizima.

Na hilo si lililoniuma zaidi. Nilipotaka kuitupa ile koki ya zamani nikachungulia pale maji yanapoingilia. Kuna kichujio kidogo cha plastiki, hakizidi ncha ya kidole, kimeshonana mchanga na magamba ya kutu. Nikakivuta kwa koleo, nikakisugua kwa mswaki mkuukuu, kikawa safi. Koki ilikuwa nzima jamani! Mtu anajiita fundi, anashindwaje kufungua paipu moja akaangalia? Mpaka leo nikikumbuka napandwa na hasira.

Kwa hiyo KICHUJIO KWANZA. Funga koki ya ukutani, flashi maji yaishe, kinga ndoo, fungua ile paipu ya kupinda inayoingia kwenye tangi. Ielekeze ndooni, ufungulie ya ukutani kidogo. Maji yakitoka kwa nguvu, kizuizi kiko ndani ya koki ya boya. Yakitoka kinyonge, hiyo koki mpya haitakusaidia chochote, angalia ya ukutani kama imefunguka yote au kama maji yenyewe yanakuja na presha ndogo. Kichujio ukishakisafisha kirudishe, usije ukakiacha nje, mchanga utaenda kukaa kwenye mpira wa ndani na koki itakuwa haifungi tena.

Kama yanaingia vizuri ila yanakata nusu, pandisha boya, na uhakikishe halisugui ukuta wa tangi. Maji yaishie sentimita 2 au 3 chini ya mdomo wa bomba la kumwagia ziada.

Ikibidi kweli kubadilisha koki, nati kaza kwa mkono, halafu robo mzunguko, basi. Ikidondosha, fungua upya: washa (kile kipete cha mpira cha kuziba tundu) imekaa upande au ina mchanga chini yake. Tepu nyeupe haisaidii hapo, kinachozuia maji ni washa. Ukiongeza nguvu unakwenda kupasua kauri.

Hiyo koki uliyonunua usiitoe kwenye pakiti, huenda dukani wakakubali uirudishe. Kichujio ukishakitoa tuwekee picha.