Mpangilio wa majaribio kwenye JUnit 5
Kaka, umeuliza utafanyaje majaribio ya JUnit 5 (zana ya kujaribu msimbo wa Java) yaende kwa mpangilio unaoutaka, na kama ni kweli inayapanga kwa alfabeti. JUnit 5 haifuati mpangilio ulioandika kwenye faili. Weka @TestMethodOrder(MethodOrderer.OrderAnnotation.class) juu ya klasi, kisha @Order(1), @Order(2) juu ya kila jaribio, namba ndogo hutangulia. Bila hivyo inatumia mpangilio wake yenyewe, haubadiliki kila ukiendesha lakini kwa makusudi si rahisi kuubashiri. Nyaraka zao zinasema hivyo wazi. Aliyekwambia inapanga majina kwa alfabeti anachanganya na unittest, zana ya majaribio ya Python.

Ila kama, kwa mfano, jaribio la kutoa pesa linafeli pale la kufungua akaunti lisipotangulia, namba zitaficha tu tatizo, yaani majaribio kutegemeana: andaa akaunti ndani ya @BeforeEach, sehemu inayoendeshwa kabla ya kila jaribio. Hapa kwetu Kijitonyama @Order tunaiachia majaribio ya mfumo mzima tu.