Mbunifu mandhari si mpanda maua

*Mbunifu mandhari anapanda maua gani yanayovumilia jua la Mwanza? – Msomaji, Buswelu*

Muulize muuza miche. Swali hili limenichosha.

*Nimejenga Isamilo, mlimani. Mvua ikinyesha, maji yanatoka kwa jirani wa juu hadi sebuleni kwangu. Nimwite mbunifu mandhari au injinia?*

Ulipaswa kumwita mbunifu kabla hujachimba msingi. Kazi yake inaanza na maji: anasoma mteremko, anaonyesha maji yapite wapi, wapi pasawazishwe, na mawe gani yabaki. Hilo la mawe hatulisikii. Jiwe tunalichoma moto, tunaligonga hadi liwe kokoto, kisha tunanunua lori la udongo kujazia shimo. Tazama Mto Mirongo baada ya mvua kubwa utajua udongo huo unakwenda wapi. Mwamba ulikuwa unaushika mlima bila malipo. Sasa unahitaji ukuta wa zege. Sasa waite wote wawili: uimara wa ukuta upigiwe hesabu na injinia, mbunifu aseme ukae wapi na maji ya nyuma yake yatokee wapi. Mgawanyo huo uandikwe, maana ukuta ukilala kila mmoja atamtaja mwenzake. Halafu panda kwa jirani mzungumze mtaro mmoja. Kumzibia maji kwa tofali ni kutafuta kesi.

*Mbunifu kanipa mchoro, nikimwita saiti anadai hela nyingine. Si wizi huo?*

Ulilipia nini? Mchoro wa awali ni kazi moja. Michoro ya ujenzi, orodha ya vipimo na gharama, kumchagua mkandarasi, kukagua saiti, kila moja ina bei yake. Kumwagilia na kufyeka nyasi ni kazi ya mtunza bustani wako. Kama mliongea kwa simu tu ukatuma pesa, pole.

*Fundi wangu wa pevingi anasema naye ni mbunifu mandhari.*

Mwombe namba ya usajili ya AQRB, yaani Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi.

*Nina kiwanja Luchelele, ufukweni. Mbunifu amekataa kunichorea baa inayofika majini. Nitafute mwingine?*

Huyo mshike. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Wa kukuchorea hakosekani, lakini siku ya kubomolewa hutamwona. Tena ziwa lenyewe lilipanda mwaka 2020 likaingia kwenye majengo ya watu bila hodi. Viti vinavyoondolewa kila usiku vinatosha. Na yale matete, ambayo hukuyauliza ila najua unayapigia hesabu, yanachuja tope la mlimani. Usiyafyeke.