RAM ni GB 8, lakini kompyuta inatumia GB 3.24 tu

SWALI: Ndugu Mjibu Maswali, nina duka dogo la kuchapa na kutoa fotokopi. Kompyuta yangu ya mezani, ambayo niliinunua ikiwa imetumika, ilikuwa na RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya GB 4, na ilikuwa ikikwama kila nilipofungua kazi zenye picha nyingi. Nilinunua RAM nyingine ya GB 4 nikaifunga kwenye sloti ya pili. Sasa Windows 10 inaonyesha kwamba RAM iliyofungwa ni GB 8, lakini inayoweza kutumika ni GB 3.24. Fundi ameniambia RAM mpya ni mbovu, na aliyeniuzia amekataa kuipokea. Nifanyeje? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ndugu msomaji, nakuomba usigombane na aliyekuuzia, kwa sababu tarakimu ulizotuandikia zinaelekeza kwingine kabisa. RAM mbovu kwa kawaida huifanya kompyuta igome kuwaka, izimike katikati ya kazi, au isiione RAM hiyo hata kidogo. Kiasi cha GB tatu na kitu kidogo ni dalili ya Windows ya biti 32, yaani toleo linalotumia anwani zenye tarakimu 32 za 0 na 1.

Kila baiti ya RAM lazima iwe na anwani yake ili prosesa iweze kuifikia, na anwani za biti 32 ni 4,294,967,296 tu, yaani GB 4. Windows 10 ya biti 32 haivuki kikomo hicho, hata ukiifungia RAM kubwa kiasi gani. Tena anwani hizo haziendi zote kwenye RAM, kwani kadi ya picha, kadi ya mtandao na vifaa vingine vya ubao mama hutengewa sehemu yao humo humo. Kwa hiyo, hata kabla hujaongeza chochote, yaelekea ulikuwa ukitumia hizo hizo GB tatu na kitu bila kujua.

Kuthibitisha ni kazi ya dakika moja. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya "This PC", chagua "Properties", kisha usome mstari wa "System type". Ukikuta "32-bit operating system, x64-based processor", ujue prosesa yako inamudu biti 64 na kinachoibana ni Windows iliyowekwa. Dawa yake ni kuweka Windows 10 ya biti 64, na leseni yako itaendelea kufaa maadamu toleo ni lile lile, Home kwa Home au Pro kwa Pro. Hata hivyo, huwezi kuipandisha juu ya ile ya zamani. Lazima iwekwe upya, kwa hiyo nakili kwanza kazi zote za wateja kwenye diski ya nje, ufungue faili mbili tatu kutoka humo uhakikishe zinafunguka. Kwa biashara yako kuna jambo jingine ambalo mafundi wengi hulisahau: hakikisha printa na skana zako zina draiva (programu zinazoiwezesha Windows kuviendesha vifaa hivyo) za biti 64 kabla ya kufuta chochote, kwa sababu draiva za biti 32 hazitafanya kazi.

Endapo mstari ule tayari unasema biti 64, fungua "msconfig" (programu ya Windows ya kupangia namna kompyuta inavyowaka), ingia sehemu ya "Boot", halafu "Advanced options", uondoe alama kwenye "Maximum memory" kama ipo, kisha uwashe kompyuta upya. Isipobadilika, chomoa waya wa umeme, ubonyeze kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, ushike bati la kasha, ndipo uzitoe RAM. Sugua taratibu meno yake ya rangi ya dhahabu kwa ufutio safi, pangusa vumbi lote, uirudishe ile mpya peke yake kwenye sloti iliyokuwa na RAM ya zamani, ukiikandamiza hadi usikie kibanio kikilia "ta". Ingia kwenye BIOS (programu ya ubao mama inayoanza kabla ya Windows) usome kiasi kinachohesabiwa. Ikisomeka GB 4 hapo, lakini ikapotea kila ikirudi kwenye sloti ya pili, RAM yako ni nzima. Mwambie fundi akague sloti hiyo na pini za soketi ya prosesa.