Laki sita, chumba cha futi kumi na kompyuta ya zamani: pesa ianzie kwenye spika

Mkuu mleta mada, umesema una chumba kimoja cha kupanga, futi kumi kwa kumi, godoro la inchi nane, kompyuta ya zamani ambayo bado inawaka vizuri, na laki sita mfukoni, na kwamba umeme wa mtaani kwako unapanda na kushuka. Unataka kusikiliza zilipendwa, taarab na Bongo Fleva. Wachangiaji wa juu wamekushauri ununue sabufa ya wati elfu kumi. Napingana nao, na sisemi kwa kusoma mitandaoni: vyumba vya namna hii nimevipanga kwangu, kwa wadogo zangu na kwa washkaji kadhaa wa mtaani.

Tuanze na hizo wati. Soketi yako ni ya volti 230 na plagi ina fyuzi ya ampea 13. Zidisha: haifiki wati 3,000. Sasa sabufa inayochomekwa hapo itazitoa wapi wati 10,000? Igeuze nyuma usome kibandiko, utakuta inakula wati 60 au 80. Ile namba kubwa ya mbele, PMPO, ni ya kuuzia. Na huzihitaji wati zote hizo. Spika ya kawaida ya kabatini (ile ndogo ya kukaa kwenye rafu) ukiipa wati moja inatoa desibeli, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti, kama 85 kwa umbali wa mita moja, na hiyo si sauti ya kunong'ona. Ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3 tu. Wati 10 zinakufikisha 95, kiwango ambacho hupaswi kukaa nacho muda mrefu kama unayapenda masikio yako. Kwa mtu anayekaa mita moja na ushee kutoka kwenye spika, wati 20 kila upande zinatosha na zinabaki.

Shida yako halisi ni chumba, tena cha mraba. Besi ikigonga kuta mbili zinazotazamana inarudi na kujipanga juu yake yenyewe, na kuta zikiachana mita 3 hivi, noti inayovimba ni ya karibu Hz 57, yaani mitetemo 57 kwa sekunde. Urefu na upana vikilingana, uvimbe wa pande zote mbili unaangukia noti ileile. Ndiyo maana kwenye vyumba vyetu gitaa la besi linaunguruma noti moja tu, nyingine zinapita kimya. Ukikaa katikati kabisa ya chumba noti hiyo inapotea. Ukiegemea ukuta inakupiga kifuani. Sabufa kubwa hapo inakuza kasoro hiyohiyo, halafu besi nzito ndiyo inayopenya ukutani kuliko sauti nyingine yoyote, na kama nyumba ina dari moja lililopita juu ya vyumba vyote, mpangaji mwenzako atasikiliza na wewe apende asipende.

Kwa hiyo laki nne na nusu nenda nazo kwenye spika mbili nzuri zenye wufa (ile koni ya besi) ya inchi nne mpaka tano. Njia ya kwanza ni spika mpya zenye amplifaya ndani, za mezani. Edifier R1280T ni mfano unaojulikana: wufa ya inchi nne, jumla wati 42, unachomeka waya kutoka kwenye kompyuta na kazi imeisha. Ukikuta bei imezidi mfuko wako, njia ya pili ni mtumba: amplifaya ya stirio pamoja na spika ndogo za kabatini kutoka Uingereza au Japani. Mimi ni mtu wa mtumba, nakiri nina upendeleo, kwa sababu kwa pesa ileile unapata mbao nzito na transfoma la kweli.

Lakini mtumba una masharti. Soma nyuma ya amplifaya kabla hujaichomeka popote. Vya Japani vingi vimeandikwa AC 100V, na ukikichomeka kwenye 230 utanusa moshi kabla hujasikia wimbo. Kinahitaji transfoma la kushusha umeme, nalo ni gharama, hivyo lihesabu kwenye bei. Vya Uingereza havina tatizo hilo. Kwenye spika, angalia ule mviringo unaoshika koni: kama ni sponji, uguse taratibu kwa kidole, sponji la miaka mingi, hasa huku pwani kwenye unyevu, linapukutika. Mpira unadumu zaidi. Tega sikio karibu na kila twita (ile koni ndogo ya sauti za juu) uhakikishe inalia. Kitufe cha sauti kikikwaruza ukikizungusha, usiogope, dawa ya kupulizia ya mafundi inaumaliza mkwaruzo huo. Ombea punguzo tu.

Kompyuta hiyohiyo inatosha, usinunue nyingine. Kucheza muziki hakuchoshi prosesa yoyote ya miaka kumi na tano iliyopita. Tatizo lake ni feni, basi isafishe vumbi na uiweke chini au mbali na sikio. Jaribu kwanza tundu lake la hedifoni. Ukisikia vikwaruzo pale unapotembeza kipanya, hapo ndipo ununue kidude cha USB cha kutolea sauti. Hata kile kidogo cha Apple cha USB-C, ukikiwekea adapta ya USB ya kawaida kama kompyuta haina tundu lake, kwa bei yake, kinafanya kazi safi kuliko vingi vya bei mara kumi. Mambo ya faili za Hz 192,000, yaani sauti iliyopimwa mara 192,000 kwa sekunde wakati wa kurekodi, achana nayo. CD ni Hz 44,100 na biti 16, na hicho kipimo kinatosha chumba chochote cha kupanga. Faili zako ndizo za kuangalia: MP3 iliyobanwa mpaka kbps 128 haitengemai kwa kugeuzwa FLAC (faili isiyopunguza sauti), inaongezeka ukubwa tu.

Kwenye Windows tumia foobar2000 ya kuchezea muziki na Equalizer APO, ekwalaiza ya kupandisha na kushusha besi na sauti za juu, vyote bure. Tahadhari moja: ukiiwekea foobar2000 njia ya WASAPI (mlango wa sauti wa Windows) ya kumiliki sauti peke yake, Equalizer APO inarukwa, utahangaika na ekwalaiza isiyobadilisha kitu. Tafuta programu ya kutoa milio ya Hz, panda taratibu kutoka 40 hadi 120 ukiwa umekaa pale utakaposikilizia. Mlio utakaovimba ghafla, huenda jirani ya 57, upunguze desibeli 5 au 6 kwa mkato mwembamba. Pale mlio unapozama usiongeze chochote. Shimo hilo la chumba halijazwi kwa wati, utachosha wufa bure.

Kabla ya ekwalaiza lakini, panga. Spika na kichwa chako vifanye pembetatu yenye pande sawa, twita zikae usawa wa masikio, hata kama ni kwa kuziinua juu ya matofali yaliyofunikwa kitambaa. Ziache ukuta kwa kiasi meza inavyoruhusu, zisikae kwenye kona, na sikio lako liwe mita 1.1 hivi kutoka ukuta wa mbele, usiliburute mpaka katikati ya chumba. Kipimo kizuri unacho tayari kwenye hizo zilipendwa: rekodi nyingi za zamani ni mono, kwa hiyo mwimbaji lazima asimame katikati ya spika mbili kama yuko pale. Akivutika upande mmoja, umbali haulingani. Akitawanyika asijulikane alipo na besi ikadhoofu, umekosea waya, nyekundu na nyeusi za spika moja zimebadilishana.

Trei za mayai ukutani hapana. Zinagusa kidogo sauti za juu, besi haizijui kabisa. Godoro la inchi nane ulilonalo, zulia na pazia zito vinafanya kazi zaidi, na ni vitu ambavyo ungevinunua vyovyote vile.

Ukiwasha ukasikia muungurumo usiokoma, na kompyuta yako ni ya mapajani, chomoa chaja yake. Ukikoma, chanzo ni mzunguko wa ethi, yaani umeme unaozunguka kupitia nyaya za ethi za vifaa viwili. Chomeka kompyuta na spika kwenye ekstensheni moja. Ukibaki, mafundi wa redio za magari wana kidude chenye transfoma ndogo ndani kinachowekwa kati ya kompyuta na amplifaya, kinaukata. Fundi atakayekwambia ukate waya wa ethi kwenye plagi, mshukuru na uondoke.

Hesabu yake basi: laki nne na nusu spika, elfu hamsini waya na kidude cha USB kama kitahitajika, elfu hamsini pazia na vya kuinulia spika. Elfu hamsini inayobaki ni ya stabilaiza ndogo, maana umeme wa mtaani kwako mwenyewe umesema unapanda na kushuka. Tupia picha ya chumba hapa, mlango na dirisha vionekane, nikuonyeshe meza ikae ukuta upi.